Shule si Mzazi

Liko neno linalosemwa sana katika vijiji vyetu, hapa Murungu na kote Kibondo mpaka Kasulu, nalo limezoeleka hata halimshtui mtu tena. Mzazi akiulizwa habari za mwanawe hujibu, "Nimekwisha kumpeleka shule, sasa ni kazi ya mwalimu." Mtoto akisema uongo, mwalimu hakufundisha. Akikataa kushika jembe, mwalimu amemharibu. Akifika darasa la tano naye hajui Sala ya Bwana, husemwa kwamba kipindi cha dini kimepuuzwa. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu naipenda, wala siandiki ili kukwepa mzigo wangu. Naandika kwa sababu neno hilo si kweli, na sisi Wakristo tukizidi kulishika litatupotezea watoto.

Na tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka wa shule katika Tanzania una siku za masomo 194. Mwaka mzima una siku 365. Basi ziko siku 171 ambazo mtoto haonani na mwalimu hata kidogo. Tena tukisema kwamba kila siku ya masomo mtoto hukaa shuleni saa saba, jumla yake ni saa 1,358. Saa za mwaka ni 8,760. Ukiondoa saa tisa za usingizi kila usiku, zitabaki saa 5,475 ambazo mtoto yu macho. Gawanya mwenyewe, utaona kwamba sehemu ya shule haifiki robo. Robo tatu na zaidi ziko mikononi mwa nyumba.

Halafu tazama ndani ya hiyo robo. Kipindi kimoja ni dakika 40. Darasa likiwa na watoto 80, na mwalimu akiwa mwadilifu kiasi cha kukigawa kipindi sawasawa, kila mtoto hupata nusu dakika. Nusu dakika haitoshi hata kumwuliza mtoto kwa nini analia. Nao wazazi humtaka mwalimu katika nusu dakika hiyo awafundishe watoto wao kusoma, kuhesabu, adabu, kweli, usafi na kumcha Mungu!

Lakini neno langu halitegemei hesabu peke yake. Sisi tu watu wa Kitabu. Basi na tukiulize Kitabu kazi hii ilipewa nani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya sita, Musa awaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao amri za Mungu wakiwa wamekaa nyumbani na wakiwa safarini, usiku kabla ya usingizi na asubuhi wakiamka. Hayo ni maneno kwa wazazi. Mwalimu wa mshahara hatajwi hapo. Paulo, alipowaandikia Waefeso juu ya malezi, aliwaelekea akina baba. Na alipotaka kuonyesha imani ya Timotheo ilitoka wapi, alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Tena mkumbuke Eli, kuhani wa Shilo. Wanawe walikuwa karibu na nyumba ya Bwana, wakaona sadaka kila siku, wakasikia sala kila siku, na hata hivyo waliharibika, na Mungu alimdai baba yao kwa kuwa hakuwazuia. Ikiwa nyumba ya Bwana yenyewe haikuweza kushika mahali pa baba, je, darasa la mabati litaweza?

Mtaniuliza, desturi hii ya kuiachia shule kila kitu ilitoka wapi? Haikutoka kwa wazee wetu. Wazee wa Buha hawakuwa na majengo ya shule, lakini hawakuwa bila elimu. Mvulana alifuatana na baba yake shambani na porini kwenye mizinga ya nyuki. Msichana alijifunza kwa mama yake. Usiku bibi alikaa motoni akitoa hadithi na vitendawili, na kila hadithi ilikuwa na funzo lake. Sisemi kwamba yote yalikuwa mema, maana hofu ya uchawi nayo ilifundishwa penye moto ule ule. Nasema tu kwamba mzazi alijijua kuwa ni mwalimu. Mwalimu Nyerere, alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitukumbusha jambo hilo hilo: kwamba mtoto wa Kiafrika wa zamani alijifunza kwa kuishi na kwa kutenda pamoja na watu wake.

Basi nyumba ilidhoofikaje? Pigo la kwanza lilikuwa kuondoka kwa akina baba. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo nchi yetu ikawa nchi ya kutolewa vibarua. Maelfu ya Waha walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyoitwa SILABU, na safari zikazidi. Mtu aliondoka mtoto wake akiwa mgongoni kwa mama, akarudi mtoto yuachunga mbuzi, na wengine hawakurudi. Mama alibaki na jembe, na watoto, na kazi ya watu wawili.

Pigo la pili lilikuwa kuhamishwa. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Buha walikusanywa mahali pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Tena mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na miji iliyokuwa imetawanyika katika migomba ikahamishwa kwenye vijiji vikubwa. Kila kusanyiko lilikuwa na sababu yake, na zahanati na maji na shule zilikuwa karibu zaidi kijijini. Lakini babu na bibi hawakukaa tena sikuzote ua mmoja na wajukuu, na moto wa jioni ukapungua.

Pigo la tatu, nalitaja kwa heshima, lilitoka kwetu wenyewe katika Kanisa. Waliotuletea Injili walitutendea mema makubwa. Mwanzoni elimu yao ilikaa karibu sana na nyumba. Katika misioni nyingi za Afrika Mashariki waliojiandaa kubatizwa waliitwa wasomaji, wakubwa kwa wadogo, na baba na mwana walishika kitabu kimoja. Lakini baadaye ilitokea fikira kwamba ili mtoto awe Mkristo wa kweli ni heri aondolewe kwao na kuwekwa katika bweni. Nyumba ilihesabiwa kuwa mahali pa giza, na shule mahali pa nuru. Wazazi walisikia hayo, wakasadiki. Wakasema, "Sisi hatujui kitu, misioni itamlea." Hivyo nyumba ya Mkristo ilijifunza kukaa kimya mbele ya mtoto wake.

Ndipo ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, na tangu mwaka 1970 shule za misioni zikawekwa chini ya Serikali. Wengine walilia kwamba dini imenyang'anywa watoto. Mimi naona jambo jingine. Serikali ilichukua madarasa na madawati. Haikuchukua meko hata moja, wala haikumkataza baba kufungua Biblia katika nyumba yake. Kama malezi ya Kikristo yangalikuwa katika nyumba zetu, yasingaliondoka na funguo za shule. Tulikuwa tumeyaweka mahali pasipokuwa pao.

Tangu hapo Serikali imezidi kupanua milango ya shule. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na mwaka 1977 likatimizwa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na tangu Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Namshukuru Mungu kwa hayo yote. Watoto wa maskini wamesoma ambao wasingalisoma. Lakini haifai mlango wa shule ukifunguliwa, mlango wa nyumba ufungwe.

Mwenye kudhani kwamba natia chumvi na akumbuke mwaka 2020. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufunga shule kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Kwa siku zaidi ya mia moja kila nyumba katika Tanzania ilikuwa ndiyo shule ya pekee. Huo ulikuwa mtihani, nao tuliofanya ni sisi wazazi. Ziko nyumba ambazo mtoto alisoma kila siku, akaandika, akafanya kazi kwa saa yake, akarudi shuleni mwezi wa saba akiwa amekua. Na ziko nyumba nyingi zaidi ambazo daftari lilitundikwa ukutani siku ya kwanza, likashushwa siku ya mwisho, limeliwa na panya. Hakuna mwalimu wa kulaumiwa kwa siku zile.

Sasa nageuka upande wa pili, maana adui wa kweli huja kwa njia mbili. Wako watu waliosikia kwamba katika nchi nyingine ziko jamaa za Kikristo zisizopeleka watoto wao shule kabisa, bali huwafundisha nyumbani mpaka wanakuwa wakubwa. Habari hiyo ni kweli. Huko Marekani jambo hilo ni halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993. Wala si jambo jipya. Susanna Wesley wa Uingereza, mama yake John Wesley, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Waliobaki aliwafundisha mwenyewe nyumbani, saa sita kila siku, kwa miaka mingi. Karibu kila mtoto alianza kusoma alipotimiza miaka mitano.

Lakini tazameni mama huyo alifanya nini. Alikuwa na vitabu, na elimu, na ratiba, naye hakuikosa saa yake. Hapa kwetu yuko mtu asemaye, "Nami mtoto wangu namfundisha nyumbani kama wale," kumbe mtoto yuko shambani kwa mtu akichuma tumbaku, au yu nyuma ya mbuzi tangu alfajiri, au ni binti anayelea wadogo zake mama akienda mnadani. Hilo si fundisho la nyumbani. Ni wizi, tena ni wizi uliovikwa kanzu ya dini. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 yataka mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2013. Mkristo hutii sheria njema ya nchi yake. Tena katika nyumba zetu zilizo nyingi hapana mtu awezaye kufundisha sayansi na Kiingereza na hesabu za darasa la saba. Amtoaye mtoto shuleni bila kuwa na kitu bora cha kumpa, amemtoa kisimani akampeleka jangwani.

Tusiige basi umbo la kazi ya watu wale, tuige moyo wake. Yuko mwalimu mmoja wa kale ambaye angetufaa sana, naye ni John Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian walitoka kwake. Na Wamoravian ni jirani zetu katika nchi hii ya magharibi. Alizaliwa mwaka 1592, akafa 1670, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mkimbizi. Huyu alipigania sana shule za watoto wote, wavulana na wasichana, matajiri na maskini. Lakini mtu huyo huyo aliandika kitabu kwa ajili ya wazazi, kilichochapwa mwaka 1633, akafundisha kwamba shule ya kwanza ya mwanadamu ni mapaja ya mama yake, na kwamba miaka sita ya kwanza ndiyo msingi wa yote yajayo. Mpenda shule mkubwa kuliko wote hakusema kwamba shule yatosha.

Yatupasa basi kuwa na fikira yetu wenyewe, ya Kikristo, juu ya elimu. Nyumba isiyo na fikira yake itafuata fikira ya soko. Mimi naiweka katika maswali manne, na kila baba na mama na ayajibu mbele ya Mungu.

Swali la kwanza: Mtoto ni wa nani? Sisi twakiri kwamba ni wa Mungu, nasi tumewekewa amana. Basi si akiba ya uzee wetu, wala si jembe la ziada, wala binti si mahari iliyo njiani. Amana hutunzwa kwa nia ya mwenyewe. Na kwa kuwa Mungu hakutoa amana ya namna mbili, msichana ana haki ya kitabu sawasawa na ndugu yake, na mvulana ana wajibu wa kuchota maji sawasawa na dada yake.

Swali la pili: Twamfundisha ili awe nini? Ukiuliza vijijini utajibiwa, "Apate kazi ya mshahara." Wanaoipata ni wachache. Wengine hurudi nyumbani wakijiona kuwa wameshindwa maisha, kwa sababu tuliwafundisha kwamba shamba ni adhabu ya asiyefaulu. Mtakatifu Luka, akieleza makuzi ya Bwana wetu kule Nazareti, ataja hekima, na kimo, na kumpendeza Mungu, na kuwapendeza watu. Hayo ni manne: akili, mwili, roho, na maisha pamoja na jirani. Mtoto aliyekua katika hayo manne, akiwa karani au mrina asali, amefaulu. Aliyekua katika moja tu, hata akishika shahada, bado ni mtoto.

Swali la tatu: Nani mwalimu wake? Baba na mama ndio walimu wakuu. Shule na Kanisa ni wasaidizi wao. Msaidizi aweza kuwa na ujuzi kuliko mkuu wake, kama fundi aletwaye kujenga nyumba. Hata hivyo nyumba si ya fundi. Mzazi asiyefika kikao cha shule, asiyejua jina la mwalimu wa mwanawe, asiyetazama daftari, amemwachia fundi nyumba na hati yake.

Swali la nne: Afundishwe kwa njia gani? Kwa mfano kwanza, kisha kwa neno, kisha kwa kazi. Baba amwambiaye mtoto, "Mtu akiniita sema sipo," amefundisha somo refu kuliko yote ya mwezi ule. Na adhabu iwe ya haki na ya kiasi. Paulo, kwa Waefeso na kwa Wakolosai, awakataza baba kuwachokoza watoto wao hata wakakata tamaa. Fimbo ya mlevi haijapata kumfundisha mtoto kitu ila kukimbia.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema, "Mimi sikusoma." Ndugu yangu, mtoto na akusomee Injili kwa sauti, nawe umweleze maana yake kwa mambo uliyoyaona duniani. Yeye ana herufi, wewe una maisha, na mkikaa pamoja somo limekamilika. Wa pili atasema, "Mimi ni maskini." Waulize waliokuja kutoka Kongo kambini Nyarugusu tangu 1996, na waliokuja kutoka Burundi kambini Nduta tangu 2015. Watoto wao wengine walisomea chini ya miti. Waliacha nyumba na mashamba, lakini hawakuwaacha watoto wao wakae bure. Wa tatu atasema, "Sina nafasi." Huyu ndiye simwamini hata kidogo, maana namwona jioni penye kibanda cha mpira, naye ana nafasi ya dakika 90 pamoja na mapumziko.

Mimi naomba robo saa. Kila usiku kabla ya kulala, taa ikiwa bado yawaka, baba, mama na watoto wakae pamoja. Mtoto mmoja asome sehemu fupi ya Maandiko. Mzazi aulize maswali mawili: umesikia nini, na kesho tutafanya nini kwa ajili yake? Kisha sala fupi, ambayo kila mtoto ana zamu yake. Robo saa kwa siku 365 ni saa 91 kwa mwaka. Na kwa miaka saba ni saa zaidi ya 630. Ni mali kubwa hiyo, nayo haina ada.

Mengine yatafuata. Siku ya soko, mtoto na apime maharage na wewe, na aseme bei kabla hujasema wewe; hapo hesabu itakuwa na faida machoni pake. Jumamosi fungua madaftari. Zungumza naye Kiha, apate kusikia mithali za babu zake, maana Kiha hakifundishwi shuleni, na nyumba ikikiacha kitafia wapi ila mikononi mwetu? Mpe kipande chake cha shamba au mzinga wake wa nyuki, na mavuno yake yajulikane kuwa ni yake, ajifunze kutunza, na kutoa sadaka ya kilicho chake.

Na Kanisa nalo lina sehemu yake. Dayosisi ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, iko tangu mwaka 1966, na makanisa mengine yamekaa nasi muda mrefu. Twabatiza watoto, na wazazi huweka ahadi mbele ya watu wote. Ni nani anayewauliza baada ya mwaka mmoja kama ahadi imetunzwa? Wazee wa kanisa, mwendapo kuzuru nyumba, msiulize zaka tu. Ulizeni pia ni lini mara ya mwisho baba alisoma na watoto wake.

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu haungoji mtoto akue atoke. Waingia nyumbani kwa simu, tena wafundisha usiku na mchana bila likizo. Sisi walimu tutaendelea kufanya kazi yetu katika robo ile tuliyopewa, nanyi mtusahihishe tukikosa. Lakini robo tatu ni zenu, enyi baba na mama wa Buha, na siku ile Mwenye amana atakapouliza habari zake, hataanza kwa kumwita mwalimu.

Mwalimu, Murungu